Nani alipe maji yaliyomwagika?

 

Habari ya leo haina heshima kubwa mbele za watu. Ni habari ya choo. Usicheke, wala usifunge gazeti. Hata Torati haikuona aibu kuzungumzia jambo hili. Soma Kumbukumbu la Torati 23:12-14, utaona Waisraeli wakiagizwa namna ya kujisitiri nje ya kambi na kufukia uchafu wao, kwa sababu Mungu alitembea katikati ya kambi yao. Mungu anayejali jambo hilo anajali pia kinachotokea wewe ukishafunga mlango wa choo na kuondoka.

Miaka michache iliyopita, mwezi Januari, nilikwenda Masukulu, wilayani Rungwe, kwenye msiba wa mama wa rafiki yangu. Anayeijua Rungwe anajua mvua zake. Januari ni matope, ukungu na migomba inayodondosha maji kutwa nzima. Nyumba ya msiba ilikuwa imejaa, na kwa kuwa mgongo wangu hauvumilii tena mkeka, wenyeji walinitafutia chumba katika gesti moja ndogo kando ya barabara. Nyumba ile imejengwa kwenye mteremko, kama nyingi za kule. Ukiingia kwa juu unakuta vyumba vya wageni. Ukishuka kwa chini, upande wa barabara, unakuta fremu za maduka. Chini ya chumba changu lilikuwepo duka la mama mmoja. Aliuza sukari, unga, mchele wa Kyela, na kwa sababu shule zilikuwa karibu kufunguliwa, alikuwa ameleta maboksi ya madaftari.

Usiku ule nilipotumia choo na kuvuta maji, maji yalipanda hadi karibu na ukingo, yakasimama, kisha yakashuka polepole mno. Nikasikia pia kwamba tanki halinyamazi. Lilikuwa linavuja ndani kwa ndani, maji yakitiririka kuingia kwenye choo bila kukoma. Nikatikisa kile kishikio, likanyamaza. Nikalala.

Alfajiri nikavuta maji tena. Yakapanda tena, safari hii hayakushuka. Tanki likaanza kulia. Nilisimama pale nikiwa na taulo begani, nikatazama, nikajua kabisa kwamba kuna kitu hakiko sawa. Kisha nikasema moyoni maneno ambayo nayakumbuka hadi leo: "Hii si nyumba yangu. Nimelipia chumba. Wenyewe wataona." Nikavaa, nikapita mapokezi. Binti wa zamu alikuwa uani anafua mashuka. Ningeweza kumwita, lakini sikumwita. Nikaenda msibani.

Saa nne nikagundua nimesahau miwani, nami nilikuwa nimepangiwa kusoma Neno kaburini. Nikarudi gesti. Ngazi zilikuwa zinatiririka maji. Watu walikuwa na ndoo na madekio. Chini, yule mama mwenye duka alikuwa anatoa maboksi nje, moja moja, na madaftari yalikuwa yamevimba kama mikate iliyolowa chai. Dari la duka lilikuwa limeshuka katikati, linadondosha maji machafu juu ya magunia.

Mwenye gesti alikuwa amefika kwa bodaboda. Alikuwa anamfokea yule binti mbele ya watu wote. "Mzembe wewe! Ulikuwa wapi? Mshahara wa mwezi huu usahau!" Binti alikuwa analia. Mwenye gesti aliponiona akabadilika sauti, akaniambia kwa adabu, "Shikamoo mzee wangu. Tusamehe sana kwa usumbufu. Hawa vijana wa siku hizi hawajui kazi."

Msomaji wangu, unafikiri nilijibu nini? Nilijibu, "Marahaba. Poleni." Nikaingia kuchukua miwani, nikaondoka. Nikaenda kusoma Neno la Mungu kaburini, kwa miwani ile ile, kwa sauti nzuri, na watu wakaniambia nimesoma vizuri.

Kila mtu na kidole chake

Jioni sikuweza kula. Ilipofika saa kumi na mbili nikarudi gesti, nikamwambia mwenyewe ukweli mbele ya binti na mama wa duka. Nikasema niliona tatizo usiku, nikaliona tena alfajiri, nikanyamaza.

Ungetegemea nikumbatiwe kama mwana mpotevu. Haikuwa hivyo. Yule bwana aliyeniita mzee wangu asubuhi alinyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, isemayo kwamba mgeni atalipa uharibifu wote atakaousababisha. "Kumbe ni wewe," akasema. "Basi mzee, lipa yote."

Nami, nakiri, hapo hapo nikaanza kujitetea. Nikasema choo kilikuwa kimeshaziba kabla sijafika. Na kweli, fundi bomba aliyeitwa mchana alikuwa amechomoa pampasi ya mtoto ndani ya bomba. Sikuwa na mtoto. Kwa hiyo kosa ni la mgeni wa kabla yangu, ambaye hakuna aliyemjua jina. Mwenye gesti akasema basi kosa ni la binti, maana kazi yake ni kukagua vyumba. Binti akafuta machozi, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, hilo tanki nilikwambia tangu wiki mbili zilizopita kwamba haliachi kujaa. Ukasema tutaliangalia." Mwenye gesti akasema fundi wa kwanza ndiye aliyefunga vifaa vibovu.

Umeisikia hadithi hii mahali? Ni ya Mwanzo sura ya 3. Adamu alipoulizwa alimtaja mwanamke, na ndani ya jibu lake akamtaja hata Mungu aliyempa mwanamke huyo. Mwanamke akamtaja nyoka. Kila mmoja alisema jambo lililokuwa na ukweli ndani yake, na hakuna aliyejibu swali aliloulizwa. Ndivyo tulivyokuwa sisi wanne kwenye varanda ile ya Masukulu. Kila mmoja alikuwa na ukweli wa kumhusu mwenzake.

Mama wa duka, aliyekuwa kimya muda wote, ndiye aliyetunyamazisha. Alisema, "Baba zangu, mimi sitaki kumshinda mtu. Nataka madaftari yangu yawe madaftari."

Ng'ombe mwenye pembe

Sasa tuulize kwa utulivu: maji yakitoka chumba cha juu yakaharibu mali ya aliye chini, nani alipe?

Wapo wanaodhani Biblia haina la kusema juu ya mambo ya mabomba. Lakini fungua Kutoka sura ya 21 na ya 22. Pale Mungu anashughulika na ajali za kila siku za kijiji. Mtu amechimba shimo asilifunike, mnyama wa jirani akatumbukia: mwenye shimo atalipa. Mtu amewasha moto, ukashika miiba, ukateketeza nafaka ya mwenzake: aliyewasha atalipa. Hakusudia kuchoma shamba la mtu, lakini moto ulitoka mkononi mwake.

Na kuna sheria moja ambayo ningependa uisome leo jioni ukiwa na familia. Ni Kutoka 21:35-36. Ng'ombe wa mtu amempiga ng'ombe wa jirani akafa. Kama ng'ombe huyo hakuwa na historia ya ukali, basi walio hai na waliokufa wanagawanywa: yule aliye hai anauzwa, fedha inagawanywa kati yao wawili, na mzoga pia wanagawana. Hasara inabebwa na wote, kwa kuwa hakuna aliyejua. Lakini kama ilijulikana tangu zamani kwamba ng'ombe huyo hupiga, na mwenyewe hakumfunga, mambo yanageuka kabisa. Atalipa ng'ombe kwa ng'ombe.

Unaona tofauti iko wapi? Ng'ombe ni yule yule, pembe ni zile zile, na hasara ni ile ile. Kinachobadilisha hukumu ni kitu kimoja tu: je, ulijua?

Yule mwenye gesti alikuwa na ng'ombe mwenye pembe darini. Aliambiwa wiki mbili kabla. Mimi nilimwona ng'ombe huyo akikwaruza ardhi kwa kwato zake usiku na alfajiri, nikafunga mlango nikaenda zangu. Mgeni aliyetupa pampasi alifanya kosa, tena la uchafu, lakini pampasi peke yake isingemwaga maji yale. Choo kilichoziba, tanki likiwa zima, hukaa kimya hadi fundi aje. Tanki bovu, choo kikiwa hakijaziba, hupoteza maji tu kupitia bomba la choo. Mafuriko yalitokea kwa sababu makosa mawili yalikutana, na mtu aliyeyaona yote mawili yakiwa pamoja ni mmoja tu. Ni mimi.

Yakobo 4:17 inatufundisha kwamba anayejua kutenda mema asiyatende, kwake huyo ni dhambi. Tumezoea kulisoma andiko hilo tukifikiria sadaka na kutembelea wagonjwa. Siku ile nililisoma nikifikiria koki.

Hata mahakama zimeuliza swali hili

Wala usidhani swali hili ni la vijijini tu. Majaji wakubwa wa dunia wamelikalia vikao.

Mwaka 1868, Bunge la Mabwana la Uingereza, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa kule, liliamua kesi ya Rylands na Fletcher. Rylands alikuwa mwenye kiwanda aliyejengewa bwawa la maji. Maji yakapenya kwenye mashimo ya zamani ya chini ya ardhi yakafurika mgodi wa makaa wa jirani yake Fletcher. Rylands mwenyewe hakuwa mzembe, kazi ilifanywa na makandarasi. Hata hivyo alilipishwa. Msingi uliowekwa ni kwamba mtu akikusanya kwenye ardhi yake, kwa matumizi yasiyo ya kawaida, kitu chenye kuleta madhara kikitoroka, basi kikitoroka atawajibika.

Halafu mwaka 1913 ikaja kesi iliyofanana zaidi na ya kwetu, ya Rickards na Lothian, kutoka Melbourne, Australia. Katika jengo la ghorofa, beseni la kunawia la ghorofa ya nne liliachwa koki wazi na bomba lake la kutolea maji likiwa limezibwa. Maji yakashuka hadi kwa Lothian, mpangaji wa ghorofa ya pili, yakaharibu bidhaa zake. Ikaonekana kwamba mtu asiyejulikana alilifanya hilo kwa makusudi, kwa nia mbaya. Baraza la Rufaa la London likasema mwenye jengo hatalipa, kwa sababu kuwa na maji ya bomba ndani ya nyumba ni matumizi ya kawaida, na uovu ule ulikuwa wa mtu mwingine ambao yeye hangeweza kuuzuia.

Kesi hizi si za mbali kama unavyodhani. Sheria zetu Tanzania Bara zilipokea misingi ya sheria za Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na kesi zote mbili ni za kabla ya tarehe hiyo. Mawakili wetu husoma kesi hizi hadi leo.

Sasa linganisha. Mwenye jengo wa Melbourne hakujua, wala hakuwa na njia ya kujua. Mwenye gesti wa Masukulu aliambiwa. Mwovu wa Melbourne hakupatikana. Mgeni wa Masukulu alikuwa anakunywa chai msibani. Kwa hiyo wala mwenye gesti wala mimi tusingeweza kujificha nyuma ya kesi ya Rickards. Torati na majaji wanakutana mahali pamoja: asiyejua na asiyeweza kuzuia anahurumiwa. Aliyejua anaulizwa.

Na yule binti je?

Hapa naomba nizungumze na wewe mwenye hoteli, mwenye gesti, mwenye mgahawa, au wewe uliyeajiri msaidizi nyumbani, na Jumapili unakaa kiti cha mbele kanisani.

Hasara ikitokea, mkono wetu hukimbilia haraka kwenye mshahara wa mdogo kuliko wote. Sahani imevunjika, kata. Maji yamemwagika, kata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuruhusu jambo hilo kiholela. Mwajiri anayetaka kukata mshahara kwa ajili ya hasara anapaswa kuonyesha kwamba hasara ilitokana na kosa la mfanyakazi, amweleze kwa maandishi sababu na kiasi, ampe nafasi ya kujitetea, asizidishe hasara halisi, na makato hayo yasizidi robo ya malipo yake. Kumwambia mtu mbele ya umati asahau mshahara wa mwezi mzima ni hasira tu, na hasira haijawahi kuwa hukumu.

Binti yule alikuwa amefanya zaidi ya sisi sote. Aliliona tatizo, akalisema kwa mwenye mamlaka. Alishindwa jambo moja, kuingia chumbani mapema asubuhi, kwa sababu mikono yake miwili ilikuwa kwenye beseni la mashuka. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asianguke akafa na damu ikawa juu ya nyumba ile. Wajibu wa ukuta ule ni wa mwenye nyumba. Haijaandikwa kwamba mtumishi asimame darini kutwa nzima akizuia watu wasianguke.

Msamaha haufuti deni la madaftari

Tulihesabu hasara ya mama. Ilifika shilingi 186,000, bila dari. Mzee mmoja jirani, mtu wa kanisa, tuliyemwomba akae nasi, alituuliza swali moja tu: "Nani kati yenu alijua?" Mwenye gesti akanyamaza. Mimi nikanyamaza. Mzee akasema, "Basi hao walionyamaza ndio walipe."

Mwenye gesti alilipa 100,000, akatengeneza dari na kubadilisha vifaa vya tanki kwa gharama yake. Mimi nililipa 86,000. Mshahara wa binti haukukatwa. Sisemi haya ili nisifiwe. Nililipa nikiwa nimechelewa saa nane, na kwa saa nane hizo binti wa watu aliitwa mzembe mbele ya kijiji chake kwa kosa lililokuwa mfukoni mwangu.

Wakristo wengi tumejifunza nusu ya toba. Tunapiga magoti, tunalia, tunasema Mungu amenisamehe, kisha tunafunga ukurasa. Lakini katika Hesabu 5:6-7, aliyemkosea mwenzake anaagizwa kuungama, kurudisha kamili, na kuongeza sehemu ya tano juu yake, akimpa yule aliyemkosea. Zakayo alipompokea Yesu nyumbani kwake, katika Luka 19, hakuishia kwenye karamu. Alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Bwana hakumwambia aache hayo mahesabu, neema inatosha. Alimfurahia. Na katika Mathayo 5:23-24, anayekumbuka akiwa madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno juu yake, anaambiwa aiache sadaka pale pale, aende kwanza.

Nilipofika kwenye mstari huo nilijiuliza: kwa nini sikuliacha Neno pale kaburini nikaenda kwanza? Ibada ingenisubiri. Binti hakuwa na mtu mwingine wa kumsubiri.

Kuna upande wa pili pia, na ni mzuri zaidi. Wakati mwingine mkristo analipa hata pasipo kosa. Msamaria wa Luka 10 alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili kwa ajili ya mtu ambaye si yeye aliyempiga, akaahidi kuongeza akirudi kama gharama zitazidi. Angalia jambo hili: Msamaria ndiye mgeni wa gesti tunayepaswa kufanana naye. Aliondoka akiwa ameacha taarifa, fedha na ahadi. Mimi niliondoka nikiwa nimeacha mafuriko. Naye Paulo, akimwombea Onesimo kwa Filemoni, alisema deni lolote liandikwe juu yake, akathibitisha kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Injili yote iko hapo. Kuna Mmoja aliyelipa yasiyokuwa yake, ndiyo maana aliyeokolewa haogopi kulipa yaliyo yake.

Wiki hii ufanye nini?

Mpendwa msomaji, tafakari isiyoshuka hadi mikononi ni kelele. Kwa hiyo nakuomba mambo machache.

Ukilala hotelini, gesti au kwa ndugu, chumba umeazima. Katika 2 Wafalme 6, mwanafunzi wa manabii aliyedondosha shoka mtoni alilia kwa sababu lilikuwa la kuazimwa. Tuwe na kilio hicho kwa vitu vya watu. Usitupe pampasi, pedi, vitambaa wala mabaki ya chakula chooni. Maji yakipanda, usivute mara ya pili kwa matumaini. Tazama pembeni ya choo, chini, kuna koki ndogo. Ifunge. Kisha mwite mhudumu, hata kama ni saa tisa usiku, hata kama unaona haya. Aibu ya dakika mbili ni nafuu kuliko dari la jirani.

Wewe mwenye nyumba, mwonyeshe kila mfanyakazi ilipo koki kubwa ya kufunga maji ya jengo zima. Pale Rungwe, ambako maji ya mserereko kutoka milimani hayakatiki ovyo, koki isiyojulikana ilipo ni hatari. Na mfanyakazi akikwambia kitu kimeharibika, andika tarehe. Siku hiyo ndipo ng'ombe wako alipojulikana kuwa hupiga. Usibandike karatasi ya kumtisha mgeni kwenye mlango ambao nyuma yake tanki halifungi.

Na sisi sote tuchunguze tanki zinazolia ndani ya maisha yetu. Labda ni mkopo wa kikundi ambao unajua hautarudi, na hujawaambia wenzako. Labda ni nguzo ya kanisa iliyopasuka, na wewe ni mzee wa kanisa uliyeiona mwaka jana. Labda ni mtoto wa jirani anayepita njia mbaya, umemwona mara mbili, ukasema si wangu. Labda ni ndoa yako. Umesikia maji yakitiririka usiku, ukatikisa kishikio kidogo, yakanyamaza, ukalala. Mpendwa, alfajiri inakuja. Aliye ghorofa ya chini yako ana madaftari yake pale.

Mwaka uliofuata nilipita tena Masukulu. Mama wa duka alinikaribisha kiti. Akaniambia yale madaftari aliyaanika juu ya mabati jua lilipotoka, na yale yaliyonyooka kidogo aliwagawia watoto wa majirani wasiokuwa na uwezo. Kurasa zilikuwa na mawimbi, akasema, lakini wino ulishika. Nikamuuliza binti yuko wapi. Akasema amepata kazi Tukuyu mjini, yuko salama.

Usiku ule wa kulipa nilikuwa nimemwomba radhi binti yule, na alinijibu, "Yamekwisha, baba." Fedha zilikuwa zimekwisha hesabiwa, dari limekwisha pimwa. Lakini nilimtazama machoni, nikaona kwamba kwake yalikuwa bado. Ndiyo maana nakuandikia leo. Yapo maji ambayo hayaanikwi juani. Ukiyasikia yakianza, simama, funga koki, mwite mtu.

Tuombe: Ee Bwana, tupe masikio ya kusikia kinachoharibika, mdomo wa kusema mapema, na mkono ulio tayari kulipa. Utuponye na ukimya unaomwachia mdogo mzigo wetu. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.